Njia ya Wakwe

Jumamosi ile Munyi aliifunga barabara kuu ya kutoka Meru kwa ajili ya mbio za kuchangia wodi ya watoto. Ndiyo kazi yake katika ofisi ya kaunti pale Embu: kukiwa na mbio, mkutano au sherehe, yeye huamua koni zikae wapi na magari yazungukie wapi. Safari hii aliyapitisha Manyatta. Mpango safi, hata askari wa trafiki waliusifu.

Siku hiyohiyo watu wa Nchiru, kule Meru, walikuwa wanaleta mahari ya dada yake, Mukami. Mchumba wake, Gikunda, alikuwa amepiga simu mapema.

"Shemeji, barabara iko sawa Jumamosi? Hatutaki kukuja late."

"Iko sawa. Kujeni tu na ile kubwa."

Maneno yalimtoka tu. Lakini hakupiga tena kusahihisha, na hapo uongo ukawa wake kabisa. Tangu mama yao afariki, nyumba ile ilikuwa ya watu wawili. Mukami ndiye aliyepika, ndiye aliyeuliza kazini kulikuwaje. Munyi, mtu mzima na ndevu zake, aliogopa kula peke yake. Na alimjua shangazi yao, Tata Gladys, msimamizi wa shughuli: wageni wa mahari wakichelewa chakula cha mchana, hurudishwa kwao hadi siku nyingine. Siku nyingine ingeweza kuwa hata mwakani.

Sasa chakula kilikuwa kimepoa. Mukami alitoka langoni, akarudi, akatoka tena, pindo la gauni jipya likishika vumbi.

"Si upigie watu wako wa barabara?"

"Netiweki ni mbaya," Munyi akasema, akajichukia.

Walikuja kwa miguu. Mbele alikuwa mzee Naftaly, baba mdogo wa Gikunda, akichechemea, viatu mkononi. Nyuma wanaume walipokezana kondoo dume na mtungi wa asali. Gari waliliacha kwenye kizuizi upande wa pili wa mji, maana kuzungukia Manyatta kungewachelewesha zaidi, wakakatiza katikati ya wakimbiaji, watu wakiwashangilia kama washindani.

Tata Gladys hakucheka. "Mumechelewa. Nani aliwaambia mpite hiyo njia?"

Gikunda akamtazama Munyi. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomchoma Munyi.

"Ni mimi nilikosea, Tata," Gikunda akasema. "Sikuuliza mtu."

Bila shaka askari walikuwa wamemwambia ni nani aliyeifunga barabara. Alijua, na bado alikuwa anamsitiri.

"Basi rudini."

Mzee Naftaly akainama kuvaa viatu. Kisigino chake kilikuwa kimechubuka, kinatoka damu.

"Tata, ni mimi," Munyi akasema. "Aliniuliza. Nikamwambia iko sawa, na nilijua nimeifunga. Nilitaka muwarudishe."

Gladys akasogea kando ya lango na kuwapisha wageni. Mukami akapokea viatu vya mzee, akamshika mkono, akampeleka ndani. Munyi alipowafuata, dada yake akageuka mlangoni.

"Wewe baki hapo. Nitakuita."

Nyimbo zikaanza. Munyi akampa kondoo maji, kisha akasimama karibu na mlango ili akiitwa asikie. Nyimbo ziliisha, sahani zikaanza kugongana, na hakuna aliyemwita.