Madole Kumi na Moja ya Tarach

Kwanza ilikuwa karatasi. Karatasi moja tu, imebandikwa kwa uji wa unga kwenye ukuta wa ofisi ya chifu pale Kakuma, Januari ya mwaka elfu mbili na kumi na tatu, na upepo ulikuwa umeshaanza kuinyofoa pembe. Watu walipita. Nani asome? Karatasi za baraza la madiwani huandikwa Kiingereza na kubandikwa mbele ya watu wanaoongea Kiturkana, halafu mtu akinyang'anywa chake anaambiwa: ilani ilikuwepo, wewe ulikuwa wapi?

Aliyeisoma ni Adeng, mkimbizi kutoka Sudan Kusini, mwenye kibanda cha sukari na majani ya chai upande wa kambi. Aliisoma mara mbili, kisha akamwita Namuria, rafiki yake aliyekuwa anamletea maziwa ya mbuzi kila asubuhi.

"Dada, ile miti yako ya pale lagani, umempa mtu?"

"Nimpe nani? Kwani umesikia nini?"

"Hapa wanasema ni ardhi tupu. Kutoka barabara ya Lokichoggio mpaka kona ya laga. Anapewa tajiri wa malori, aweke yadi. Baraza linakaa Lodwar Alhamisi kuthibitisha. Khalas, dada. Wamekufuta."

Tupu! Tarach ni laga: hupita maji siku chache, mwaka uliobaki ni mchanga. Lakini kando ya mchanga huo imesimama migunga mikubwa, na kila kundi la migunga lina mwenyewe. Huitwa ekwar. Haina ukuta wala hati. Ina desturi. Kiangazi kikikaza na maganda ya migunga yakaanguka, mbuzi wa mwenyewe ndio wanaokula. Mwingine mwenye shida huja, huketi chini, huomba, naye hupewa. Hakuna mtu duniani anayeketi chini kuomba ruhusa kwa ardhi tupu. Ila wapimaji walikuja mwezi ambao Namuria amehama na mbuzi. Wakatafuta nyumba, wakatafuta bango. Hawakuona. Wakaandika tupu, wakapanda gari lao. Si mara ya kwanza kutuandika hivyo, na wazee wa Kakuma wana orodha ndefu vichwani, asikudanganye mtu.

Namuria alikuwa mjane wa miaka sitini kasoro, na mbuzi thelathini na wawili. Bila yale maganda, mbuzi wale hawafiki mwezi wa nne. Bila mbuzi, angeenda kupanga foleni ya unga wa msaada, na yeye hakuwa mtu wa foleni.

Alikumbuka neno moja. Mwaka alioolewa ulikuwa wa Lopiar, ule wa themanini, njaa na maradhi vilipofagia mifugo kama ufagio. Mkwewe Erupe na wanaume wengine wa Tarach walitembea kwa miguu mpaka Lodwar kuitetea miti yao. Waliporudi, mzee alikunywa maji, akasema, "Baraza limekubali. Limeandika." Basi. Hakuongeza, maana kwa mtu kama Erupe neno likishatoka limetoka.

Alhamisi alfajiri Namuria alipanda pikapu ya kwenda Lodwar, amekaa juu ya magunia ya mkaa, shanga zake zote shingoni.

Alimkamata diwani wa Kakuma uani, kabla hajaingia ukumbini. Lomunokol, kijana wa miaka thelathini na mitatu, tai nyekundu, simu mbili.

"Ejok, ata," alimwamkia, akimwita bibi kwa heshima.

"Ejok. Ulikuwa kwenye kamati iliyosema miti yangu ni tupu?"

"Nilikuwepo. Wapimaji walisema hakuna mtu, nikainua mkono kama wengine."

"Huo mkono uliouinua una macho?"

Lomunokol alicheka kidogo, akaangalia lango. "Ata, si wakati mzuri. Baraza lenyewe linakufa, Machi ni uchaguzi, ni serikali ya kaunti. Na mimi nataka kurudi. Huyo mwenye malori anatusaidia watu wengi hapa."

"Wewe ulizaliwa wapi?"

"Kakuma, unajua."

"Ulipokuwa unanyonya, mbuzi wa mama yako walikuwa wanakufa. Alikuja, akaketi kwenye mchanga, wewe mgongoni. Aliketi mpaka jua likasogea. Akaniambia, naomba. Alikuwa anaomba kwa nani, mheshimiwa? Kwa tupu?"

Simu moja ilianza kulia mkononi mwa diwani. Hakuipokea.

"Kuna kitabu," Namuria aliendelea. "Mwaka wa Lopiar baraza hili liliandika neno letu. Sijui kusoma. Lakini najua liliandikwa. Nenda ukaulize kitabu."

Ukumbi ulimziba mdomo. Pangaboi zilizunguka darini bila kuchoka, rungu la baraza limelala mezani juu ya kitambaa chekundu, likimeta, na madiwani ishirini na mmoja wameketi duara kama wanaume wanaogawana ng'ombe. Mahali hapa, aliwaza, mtu anasema neno Lodwar na mti unaanguka Kakuma. Hofu ilimshika, na ndani ya hofu kitu kingine kilichofanana na kile kinachomshika mtu mbele ya mafuriko ya laga. Watu wa kawaida walikaa nyuma ya kamba. Hawakuruhusiwa kusema. Naye akaketi nyuma ya kamba.

Karani alisoma mambo mengi kwa Kiingereza. Ilipofika zamu ya kumbukumbu za kamati ya mipango, mwenyekiti alisema kwa Kiswahili cha haraka, "Zimethibitishwa? Nani anaunga mkono?"

Hapo tai nyekundu ikasimama.

"Mwenyekiti, kabla ya kuthibitisha. Naomba kitabu cha kumbukumbu cha mwaka wa themanini kiletwe."

Ukumbi ukaangua kicheko. Diwani mkongwe Lokeris, tumbo mbele, alipiga meza. "Cha Lopiar? Mchwa walishakula, kijana! Waulize mchwa wakusomee!"

"Vitabu vya zamani viko kwenye katoni," karani alisema. "Tumeshavifunga kukabidhi kaunti."

"Kanuni zinasema diwani akitaka kitabu, kitaletwa," Lomunokol alisema. Hakuketi. "Na mimi nakitaka."

Mwenyekiti aliangalia saa, akaguna, akampungia tarishi. Walingoja. Karibu na mlango, bwana mmoja mwenye funguo nyingi alitikisa goti. Ndiye tajiri wa malori.

Kitabu kilikuja kikidondosha vumbi. Jalada limeliwa, kurasa zimetobolewa. Karani alifungua, akapuliza, akafungua tena. Alisoma kimoyomoyo. Kisha akaacha kuonekana kama mtu mwenye haraka.

"Ipo," alisema. "Agosti, themanini. Imeamuliwa kwamba ekwar za Tarach, upande wa Kakuma, zisiguswe na baraza wala na mtu wa baraza, maadamu miti imesimama." Akakisogeza kitabu kwenye mwanga. "Lakini majina ya wenyewe yameliwa. Yamebaki madole tu. Madole gumba kumi na moja, ya wino."

"Sasa dole lisilo na jina ni la nani?" Lokeris alisema. "Linaweza kuwa la mtu wa Mombasa!"

Walicheka tena. Namuria hakujua ni lini alisimama. Alijikuta ameshavuka kamba.

"Mama! Mama, rudi! Umma hauruhusiwi!"

Askari wa baraza alinyoosha mkono, lakini Lomunokol alikuwa ameshasimama kati yao. Namuria alifika mezani, akainamia kitabu. Safu moja ya madoa ya zambarau, yamefifia rangi ya damu kavu. Alipitisha kidole juu yake polepole, bila kugusa, la kwanza, la pili, la tatu. Kwenye la nne akakoma.

"Huyu."

"Huyu nani?"

"Baba wa mume wangu. Tazama huu mstari mweupe unaokata dole katikati. Alijikata kwa kisu cha mkononi, akimchuna ngamia. Nimempa maji miaka kumi na miwili, alipokea kibuyu kwa mkono huu. Mimi silijui jina lake kwa maandishi. Dole lake nalijua."

Mwenyekiti alivaa miwani, akainama. Mstari ulikuwepo, mwembamba, mweupe, umevuka zambarau kutoka ukingo hadi ukingo kama njia ya miguu.

Diwani mmoja wa upande wa Tarach alisogea aone. Kisha mwingine. Viti vilikwaruza sakafu. Wanaume wenye suti na wanawake wawili wenye vilemba walijibana kuizunguka meza, vichwa vimegusana, na rungu likasukumwa pembeni lisimzuie mtu. "Hili pana, hili si la yule mchimba visima?" "Ngoja, ngoja, usifunike." Mtu mmoja alisema jina la babu yake kwa sauti ya chini, jina ambalo pengine hakulitamka tangu mazishi.

Lokeris alikuja mwisho, bado na tabasamu la mzaha. Aliinama. Dole la saba lilikuwa nusu. Juu palikatika ghafla, hapakuwa na kitu.

"Fisi," alisema.

"Nini, mheshimiwa?"

"Fisi alimng'ata akiwa mtoto. Baba." Alivua kofia. Mtu aliyekuwa na neno kwa kila jambo miaka kumi na tano katika ukumbi ule aliiweka ile kofia mezani, kando ya kitabu. "Hakuniambia. Hakuniambia kama alifika hapa."

Namuria aliwatazama. Alikuwa ameingia akiogopa meza ile. Sasa aliona kwamba hata wenye meza waliiogopa, na kwamba wale kumi na mmoja, wasiojua herufi moja, waliokuja kwa miguu katika mwaka wa kufa, walikuwa wameweka pale kitu kizito kuliko rungu. 

"Tupige kura," mwenyekiti alisema, na alisema taratibu, kama mtu aliye kanisani. "Ombi la yadi liondolewe. Uamuzi wa themanini ubaki, na uingizwe katika makabidhiano ya kaunti. Wanaokubali?"

Mikono kumi na tisa iliinuka. Wawili waliangalia simu zao. Kila baraza lina wawili. Funguo zililia mlangoni, zikatoka nje.

"Andika," mwenyekiti alimwambia karani. "Halafu umsomee mama. Kwa Kiturkana."

"Mwenyekiti, lugha ya vikao ni—"

"Nimesema msomee."

Karani aliandika, akasoma kwa Kiturkana, akikwama hapa na pale kama mtu anayetafuta njia ya nyumbani kwao. Namuria alimwambia arudie. Akarudia. Akamwambia arudie tena, midomo yake ikifuata kila neno, mpaka alipokuwa nalo lote kichwani.

Kisha akainua shuka yake, maana pikapu ya Kakuma haingoji. Karani alikohoa, akatangaza jambo linalofuata: taa za sokoni Lodwar. Alitangaza mara mbili. Hakuna diwani aliyekuwa ameketi; bado walikuwa wamekizunguka kile kitabu cha madole.