Dawa Sikutia

Kwa Mama Fosuaa, jirani yangu hapa Techiman, Ghana, kula peke yako ni tabia ya wachawi. Mpe chungwa moja, ataligawa mpaka kuku apate chake. Basi mwanawe wa Hamburg alipomtumia chupa kubwa ya vitamini, mzee wa watu alikosa raha. Vidonge vyote vile, mdomo mmoja?

Jumapili ile tulikaa uani kwake tukila fufu, ule ugali laini wa muhogo wa kutwanga, na supu ya mawese. Alipika Serwaa, mke wa Yeboah, mwana mwingine wa Mama, ambaye hajamaliza mwaka katika nyumba ile. Yeye mwenyewe hakula. Alisema moshi umemshibisha, atakula baadaye.

Hatujamaliza hata kunawa, masikio yangu yakawaka. Uso, shingo, kifua, moto mtupu, na mwasho kama nimelalia upupu. Nikadhani ni ulafi wangu, kumbe wote wanajikuna. Mama Fosuaa akaegemea ukuta, anaona kizunguzungu.

Dufie, dada yake Yeboah, ambaye ulimi wake haujui kupumzika, akasimama.

"Tunawashwa wote isipokuwa mpishi! Wifi, umetutilia nini?"

"Pilipili na chumvi, wifi. Nini kingine?"

"Kikulacho ki nguoni mwako! Haya, tuape. Nani katia dawa kwenye supu?"

Tukaapa mmoja mmoja. Mama Fosuaa naye akaapa kwa jina la marehemu mumewe, bila kupepesa macho: "Dawa sikutia."

Yeboah alisogeza kiti chake, mbali kidogo na mkewe. Mimi niliona, na Serwaa aliona. Iliniuma.

Serwaa akaingia ndani, akatoka na begi lake la nguo, akaliweka mlangoni. Kisha akajipakulia bakuli la supu, akainywa yote mbele yetu.

"Kama ni sumu, tutakufa pamoja," akasema, akaketi.

Tukasubiri. Haukupita muda, akaanza kujipepea kwa kanga na kujikuna shingo, machozi yakimlengalenga. Mama Fosuaa akamtazama kwa furaha.

"Vumilia, mwanangu. Hizo ni nguvu zinaingia."

"Nguvu gani, Mama?" Dufie akauliza.

"Si zile vitamini za kaka yako! Nilizitwanga zote, nikazimimina chunguni Serwaa alipokwenda kuchota maji. Ulitaka nile peke yangu?"

"Mama! Na kile kiapo chako?"

"Niliapa dawa. Vitamini ni chakula! Hata nanasi linazo."

Tukampigia simu muuguzi wa zahanati. Akatuambia kuna vitamini ambayo ikizidi hutanua mishipa ya damu, ndiyo ule moto. Mwasho utapita wenyewe, lakini supu imwagwe, na Mama apelekwe akapimwe leo hii, maana anameza dawa za presha na zikikutana na hiyo anaweza kuanguka.

Dufie akapiga magoti kuomba radhi. Serwaa akamwinua. Mama naye alikuwa analia, akimshika mkono.

"Nisamehe, mwanangu. Nilitaka wote mpate."

"Najua, Mama. Hukukusudia."

Yeboah akaliinamia begi. "Mke wangu, yamekwisha. Nilirudishe ndani?"

Serwaa akaweka mkono juu ya begi.

"Mama hakujua alichokitia kwenye supu," akasema taratibu. "Lakini mimi, Yeboah, ulikuwa unanijua."