Samani za Kifalme Zenye Haiba

Shemeji yangu hakuwahi kunidanganya hata siku moja, na ndiyo maana nilimshuku. Mtu gani huyo hana hata kauongo kadogo?

Mimi ni seremala. Yeye, mdogo wake mke wangu, ndiye aliyeitengenezea karakana yetu tovuti na kusimamia matangazo yake mtandaoni. Tangu mwanzo tulivutana. Alitaka maneno makavu: "kitanda sita kwa sita", "kabati la milango mitatu".

"Shemeji, watu huandika wanachotafuta, hawaandiki sifa zako."

Nikang'aka. Nikamlazimisha aongeze langu: "samani za kifalme zenye haiba". Akaliongeza huku akicheka chini chini. Kicheko kile kilinikaa rohoni.

Baada ya miezi miwili wateja wakawa wa kuhesabu. Mafundi wangu wawili wakaanza kunong'ona kwamba tunafunga. Nikaamua kulinda mali yangu. Kila asubuhi, kabla sijashika randa, niliandika maneno yangu kwenye simu. Tangazo letu likitokea naligusa, naingia, natoka, naandika tena. Na mafundi nikawaagiza hivyo hivyo. Asubuhi tulikuwa wa kwanza. Mchana hatupo, na juu kabisa kajaa Jino la Dhahabu, yule muuza vitanda wa ng'ambo ya barabara. Sasa hapo kuna siri gani tena? Shemeji kanunuliwa!

Kila Jumamosi alituma ripoti na kunihimiza, "Shemeji, isome." Mtu anayekusihi hivyo ana lake jambo. Sikuifungua ng'o.

Jumatatu nikamvaa mbele ya dada yake, aliyekuwa akipiga msasa mguu wa meza. "Mchana unatuzima sisi, unamwasha Jino la Dhahabu. Anakupa nini?"

Akatia kompyuta yake begini, akaondoka.

"Umeona?" nikamwambia mke wangu. "Angekuwa safi angebaki."

Mke wangu akajifuta vumbi, akachukua simu yangu, akafungua ripoti na kusoma kwa sauti. Kila mguso unakula sehemu ya kiasi tulicholipia siku hiyo. Kikiisha, tangazo linaondoka hadi kesho. Chetu kilikuwa kinaisha saa tatu asubuhi. Chini yake kulikuwa na maneno yaliyoandikwa na waliogusa. "Kitanda sita kwa sita": kumi na moja. "Samani za kifalme zenye haiba": mia mbili arobaini.

"Baba, duniani nani mwingine anaandika hivi?"

Nilimpigia shemeji mara saba, hakupokea. Alhamisi nikamwona ng'ambo, kaketi na Jino la Dhahabu, kompyuta mezani, wanacheka. Jamani, niliumia. Nikatoa simu, nikaandika "kitanda sita kwa sita". Jirani yuko juu kabisa. Kidole kikaanza kuniwasha.

"Thubutu," mke wangu akasema nyuma yangu, na wala hakuwa ameinua macho kwenye msasa wake.