Betri Kwenye Mdomo wa Kobe

Tundu la chaji la simu nililiharibu mimi, niseme mapema tusizungushane. Chaji ilikuwa haikai, nikadhani ni vumbi, nikalichokonoa kwa sindano ya cherehani. Vumbi likatoka, na kijipande cha chuma kikatoka nalo. Basi.

Siku nyingine ningecheka. Lakini asubuhi hiyo chuo cha uuguzi kilikuwa kinapiga simu. Binti yangu alikuwa wa kwanza kwenye orodha ya akiba, na ujumbe wao haukuwa na fumbo: tutapiga kati ya saa nne na saa tano, asiyepatikana, nafasi inakwenda kwa anayefuata. Namba waliyokuwa nayo ni yangu, kwa sababu nyumba yetu ina simu moja. Saa tatu na nusu ilikuwa imebaki asilimia mbili, ikazima mbele ya macho yetu.

"Nikate waya wa chaja, tuugusishe kwenye betri?" binti akauliza.

"Ukate, ulipuke, upelekwe huko kwa wauguzi ukiwa mgonjwa. Vaa viatu."

Tulikwenda kwa fundi saa, mtaa wa pili. Ukutani kwake zimening'inia saa kama thelathini, na hakuna mbili zinazokubaliana.

"Fundi, una kobe?"

"Ninaye, dada, ila hajala tangu mwaka jana."

Kobe ni kile kichaja cha kubana betri yenyewe, chenye vijino viwili vya chuma mdomoni. Fundi alikipuliza vumbi, akachomoa betri kwenye simu yangu, akaibana. Taa haikuwaka. Akasogeza vijino, kimoja kwenye chanya, kingine kwenye hasi. Taa nyekundu. Nikashusha pumzi.

Kukaa sikuweza. Nilikwenda mlangoni, nikarudi, nikakunja kitambaa cha kufutia vioo, nikakikunjua.

"Dada, keti. Unanitikisia meza."

"Saa ngapi?"

"Kwa saa ipi?"

"Inayosema kweli, Fundi!"

"Nne na dakika nane."

Binti alikuwa ameishika simu ikiwa mgongo wazi. "Mama, hii haina betri."

"Najua. Betri anayo kobe."

"Sasa wakipiga, inaita nini?"

Watu wazima wawili, mmoja ana stashahada na mwingine ana kibanda, tulikuwa tunalinda betri huku simu imelala saa ile ile ya kupigiwa.

"Irudishe!" nikasema.

"Haijashiba hata ya kuwaka," fundi akasema. "Toa laini!"

Fundi alifungua simu yake ya vitufe, akang'oa laini yake akaitupa kwenye kopo la skrubu, akaweka yangu. Ikawaka. Nne na dakika kumi na tatu. Tukaizunguka, vichwa vikigusana. Nikanyoosha mkono kuiweka vizuri.

"Mama, usiguse kitu!"

Ikaita. Kabla sijapumua, mkono wa fundi ukaichota.

"Fundi saa hapa! Saa yako imepona, njoo uichukue!"

"Samahani," sauti ya mwanamke ikasema, "nimekosea namba." Akakata.

"Fundi!"

"Mkono umezoea, dada! Miaka ishirini!"

Nikampokonya simu, nikapiga namba ile ile. Inatumika. Nikarudia. Inatumika. Nilijua inatumika kumpigia nani: anayefuata. Binti alikuwa amegeukia ukuta, anazitazama saa bila kuziona. Mara ya tatu ikapokelewa.

"Chuoni? Hukukosea namba. Mimi ndiye mama yake. Huyo wa saa ni ajali, nitakueleza siku nyingine. Nafasi bado ipo?"

"Nilikuwa nampigia wa pili. Hajapokea. Mwenyewe yuko hapo?"

Nikampa. Binti yangu, ambaye akitumwa chumvi huanza na habari za jana, alisema: "Ni mimi. Naikubali. Jumatatu. Ndiyo. Asante."

Fundi akapiga makofi kana kwamba yeye ndiye aliyepata nafasi. Binti akamrudishia simu yake, kisha akanigeukia na kiganja wazi.

"Mama, lete ile sindano, kabla hujachokonoa kingine."

Nikaichomoa kwenye ukosi wa gauni, nikampa.