Waliohamia Penang Bila Kutoka Nyumbani

Bi Tokiko Hanyuda alikuwa akitambaa kwenda jikoni kwake. Mama mtu mzima, mwenye magoti yanayolalamika kila baridi ikiingia, anatambaa chini ya usawa wa dirisha kama mwizi wa kuku, na nyumba ni yake, mkopo wake kaumaliza mwenyewe. Alipofika karibu na jiko alikaa sakafuni, akahema, akamkata jicho mumewe. Kunihiro alikuwa amejikunja kwenye meza ya kuotea moto, mfarishi hadi kifuani, miwani puani, akisoma kwenye simu bei za nyumba za kupanga Ureno.

"Baba Nao," alinong'ona, "nimechoka."

"Ongea taratibu."

"Nanong'ona hapa! Unataka niongee kwa macho?"

"Basi nong'ona taratibu."

Balaa lote hili lilianza na pensheni. Kunihiro alikuwa mkaguzi katika kiwanda cha springi za magari pale Kiryu, na alipostaafu, ukaguzi haukumtoka. Akaanza kukagua nchi. Pensheni yao, alisema, hapa Japani ni ya kubanabana, lakini ziko nchi ambako watu wa hali yao wanaishi kama matajiri. Miaka mitatu alizikagua. Thailand akaikataa kwa moshi wa mashamba. Ufilipino kwa vimbunga, kana kwamba Japani haina vimbunga. Vietnam kwa pikipiki. Ureno ilikuwa nzuri mpaka aliposikia kwamba nyumba nyingi hazina beseni la kujilowesha hadi shingoni, akafunga kompyuta kwa hasira kama mtu aliyetukanwa. Mwishowe ikapita moja tu: Penang, Malaysia.

Angekaa kimya mpaka wapande ndege, yasingekuwapo ya kusimulia. Lakini alitangaza kwenye mkutano wa mtaa. Na mtaa ule mtu anayehama haagwi kwa maneno matupu. Kila nyumba ilileta bahasha ya safari, hela ndani, imefungwa kwa utepe, jina limeandikwa kwa wino wa brashi. Bi Oguri wa nyumba ya pili, mjane aliyevuka themanini, alileta na mkanda wa sufu wa kufunika tumbo, kaufuma mwenyewe, kwa sababu amesikia huko viyoyozi vinapuliza bila huruma. Mzee Terauchi, mwenyekiti wa mtaa, alimpa Kunihiro kipaza sauti. Hapo ndipo palipoharibika. Kunihiro alitoa hotuba akasema anaondoka moja kwa moja, na wakitaka kumwona tena waje wenyewe, atawapikia. Wazee wakalia. Yeye mwenyewe akalia.

Haikupita wiki mbili, yeni ikaporomoka. Pensheni ile ile, ikigeuzwa kuwa ringiti za Malaysia, ikawa haitoshi hata masharti ya kibali cha kuishi. Safari ikafa. Mtu mwenye akili timamu angezunguka mtaani akainamisha kichwa, akarudisha bahasha, akachekwa siku mbili, yakaisha. Kunihiro alisema aibu hiyo hataiweza. Mtu aliyeagwa hawezi kuonekana dukani akinunua vitunguu. Wakaita teksi mchana kweupe, wakapungiwa mikono mpaka kona, wakashinda Takasaki kwa binti yao Nao, na alfajiri iliyofuata wakarudi kwa mlango wa nyuma, viatu mkononi.

Tangu siku hiyo mbao za madirisha zilikuwa zimefungwa, lakini zilikuwa na nyufa, na kwenye ufa kivuli huonekana. Nguo zilikauka bafuni. Kunihiro alikuwa akitoka kabla hakujapambazuka, barakoa usoni, kofia mpaka kwenye nyusi, akanunue chakula mji wa jirani. Taka ndizo zilizomtia Tokiko uchungu kuliko vyote, kwa sababu pale kituo cha taka mtaa mzima unajua mfuko upi ni wa nani. Kwa hiyo sanduku jipya la safari, lile la magurudumu lililonunuliwa kwa ajili ya Penang, lilikuwa likisafiri kila wiki kwenda Takasaki limebeba maganda ya figili. Nao alilipokea mara ya kwanza akicheka. Siku hizi alikuwa hacheki.

"Halafu unajua nini?" Kunihiro aliinua simu. "Nimepiga hesabu. Tunatumia kidogo kuliko ambavyo tungetumia Penang! Hakuna harusi, hakuna mazishi, hakuna saluni, hakuna michango. Mama Nao, tumeipata nchi ya bei nafuu!"

"Wafu nao hawatumii hela, Baba Nao. Kahamie huko."

Nje ufagio ulianza kukwaruza. Tokiko akatambaa kurudi sebuleni, akaegemeza paji la uso kwenye mbao za dirisha. Ndivyo alivyofanya kila asubuhi. Bi Oguri alikuwa amejipa kazi ya kufagia mbele ya nyumba ya wasafiri, na alipokuwa akifagia aliongea na nyumba. Alimweleza Tokiko habari za upepo wa mlimani unaokata masikio. Alimweleza goti lake la kushoto. Alimweleza kwamba duka la tofu limefunga na kwamba mke wa Terauchi amepaka nywele rangi ya biringanya. Na Tokiko alikuwa akisikiliza, hatua tatu tu kutoka kwake, mkono mdomoni asije akajibu. Kwa karibu miaka thelathini walikuwa wakinywa chai pamoja kwenye ukumbi wa jua, na sasa alikuwa akimsikiliza kwenye ufa wa ubao. Iliuma. Iliuma na ilimkasirisha, na hakujua kipi kinazidi.

Asubuhi ile ufagio ulisimama kabla ya wakati wake.

"Mdogo wangu," Bi Oguri aliliambia dirisha, "mwanangu anakuja kunichukua Jumapili. Nagoya. Amepiga hesabu, anasema nyumba kubwa kwa mtu mmoja ni kutupa hela. Kwake nitapata chumba. Mimi sikukagua nchi yoyote, nimekaguliwa mimi. Basi, nimeona nikuage."

Ufagio ukaendelea.

Tokiko alirudi kwa mumewe. Safari hii hakutambaa, alitembea, na Kunihiro akaruka kama ameona moto.

"Chini! Kaa chini! Kivuli!"

"Dada Oguri anahama Jumapili. Natoka kumwona."

"Umerukwa na akili? Vumilia mpaka Agosti. Agosti tutarudi likizo kwa ajili ya sikukuu ya kuzipokea roho za marehemu, kama watu wote. Nimeshaagiza hata zawadi." Alinyoosha kidole kwenye pembe ya chumba, kwenye boksi la kahawa ya Malaysia aliyoinunua mtandaoni.

"Agosti yeye atakuwa Nagoya!"

"Tutampigia simu. Tutamwambia tunapiga kutoka Penang."

Tokiko alimtazama mwanamume huyu aliyemwoa kwa ushenga wa shangazi, mwanamume ambaye hajawahi kudanganya hata umri wake kwenye kadi ya maktaba, na maji yakazidi unga.

"Sikiliza, Baba Nao. Nimetambaa. Nimekula wali gizani ili taa isionekane nje. Nimepiga chafya ndani ya mto. Nchi yako hii sitaki hata uraia wake."

"Bahasha, Mama Nao! Bahasha zao!" Alimshika aproni. Aproni ikafunguka, ikabaki mkononi mwake.

Mbao za dirisha hazikuwa zimesogezwa tangu vuli. Tokiko alizisukuma kwa bega, zikalia kwa sauti ya kuamsha mtaa, mwanga ukamwingia machoni. Bi Oguri alikuwa amesimama pale pale, kilemba cha taulo kichwani, ufagio mkononi. Hakushtuka hata kidogo.

"Umenenepa," alisema. "Penang kuna chakula."

"Dada, sikwenda."

"Najua. Nani wa Penang anayechoma vibua kila Jumanne? Harufu inafika mpaka kwenye madhabahu ya marehemu mume wangu. Mtaa wote unajua. Terauchi amewakataza watoto kucheza mpira hapa, anasema msije mkashtuka."

"Wote? Mbona hamkusema?"

"Mumeo alitoa hotuba. Mtu aliyetoa hotuba ya namna ile, unamwachia nafasi ya kupumua."

Tokiko alihisi uso ukimwaka. "Kwa hiyo siku zote hizo ulikuwa unaongea na dirisha huku unajua—"

"Nilikuwa naongea na wewe. Dirisha nilieleze goti langu ili iweje?"

Hapo Tokiko alilia. Hakuwa na leso, alilia kwenye mkono wa sweta, kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni, akiwaza kipupwe kizima cha chai ambayo haikunywewa. Bi Oguri alimwacha alie, akafagia jani moja lililobaki.

Kunihiro alitokea nyuma ya mkewe. Kwa mazoea alikuwa ametambaa nusu ya njia. Alisimama, akajiweka sawa kola, akainama mpaka kiunoni na kunyoosha pakiti ya kahawa kwa mikono miwili.

"Kitu kidogo," alisema. "Cha kutoka... kutoka huko."

Bi Oguri aliigeuza pakiti, akaisogeza mbali na macho, akasoma kibandiko. "Ghala la Saitama, Japani." Kisha naye akainama, akaipokea kwa mikono miwili. "Asante, Hanyuda. Poleni na safari."

Jumapili mtaa ulijaa mbele ya gari la mwana wa Bi Oguri. Hakuna aliyewauliza wanandoa wa Hanyuda habari za Malaysia, ila mke wa Terauchi, mwenye nywele za biringanya, alisema anafurahi wamerudi, akawakumbusha kwamba wiki hii zamu ya kusafisha kituo cha taka ni yao. Tokiko aliweka bahasha ya safari mkononi mwa rafiki yake. Alitaka kusema maneno mengi. Alisema tu avae mkanda wa tumbo.

"Nagoya ikinishinda," Bi Oguri alisema akiwa ameshaketi ndani ya gari, "nitarudi nijifiche kwangu. Mtanifundisha kutambaa."

Kesho yake Tokiko alipeleka taka zake mwenyewe, mfuko wenye jina lake, mchana kweupe. Aliporudi alichukua ufagio, akapita kwake, akaenda kusimama mbele ya nyumba ya Bi Oguri, ambayo mbao zake zilikuwa zimefungwa. Alifagia mlangoni pote. Alilieleza dirisha kwamba upepo umepungua, na kwamba Baba Nao ameanza kuikagua tena Thailand. Kisha akasogea karibu, akanusa ufa wa ubao, akasubiri kidogo, akanusa tena.

"Dada," alisema, "harufu ya samaki siisikii. Kumbe umeondoka kweli."