Ghorofa ya Nne ya Kwan Kung

Walipokuja kubomoa nyumba ya Mtaa wa Harlan, Moy Gim Fung alikuwa ghorofa ya nne akimbadilishia mungu chai. Alikuwa mjane, mtunzaji wa hekalu la Kwan Kung, na chumba chake kilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la dobi Eng. Wazee waliokuja Marekani kutoka Toishan, kule China, waliweka hekalu juu kabisa, kwa sababu haifai mtu kutembea juu ya kichwa cha mungu.

Polisi wakamshusha kwa adabu, kisha mtambo ukaanza kazi. Kufikia mchana, duka la dobi na ghorofa mbili za juu yake zilikuwa kifusi. Ghorofa ya nne ilibaki hewani pale pale ilipokuwa, na madirisha yake na taa yake nyekundu. Mafundi walikula mkate wao chini yake, maana palikuwa na kivuli.

"Kwan Kung kagoma kuhama," alisema Eng, aliyekuwa amekalia furushi la mashati ya wateja. "Shangazi, machungwa yote yale uliyomlisha, hakukudokeza?"

"Hebu nyamaza! Angenidokeza, ningekuwa nimehamishia kitanda changu huko juu."

Kesho yake akaja Bwana Whitcomb wa ofisi ya ujenzi mpya wa mji. Alipima nafasi iliyobaki chini, akaridhika. Pale palikusudiwa maegesho, na magari yangepita bila shida, isipokuwa malori. Wachungaji wa mjini nao wakaja kupigwa picha naye, wakamshukuru Mungu kwa kuwapa viongozi wanaoheshimu imani za watu. Inatia kichefuchefu hata kuisimulia.

"Na chumba changu je?" aliuliza Moy. Eng akamtafsiria.

"Mwambie mungu wenu tumemwachia mahali pake," alisema Bwana Whitcomb. "Watu hawamo kwenye ramani."

Hakuwa akimtukana. Ramani alikuwa nayo mkononi, na kweli watu hawakuwamo.

Moy akapewa chumba ng'ambo ya mji, mahali ambapo hakuna aliyejua lugha yake wala kuuza mboga alizozizoea. Kila Jumapili alipanda basi mpaka kwenye maegesho, akaweka machungwa juu ya lami. Machungwa yalipanda yenyewe hadi dirishani, yakaingia. Siku moja naye alisimama pale pale, akafumba macho, akangoja. Hakupanda.

Sikukuu ya Kwan Kung ilipofika, alikuja na vipande viwili vya mbao vya kumwulizia mungu. Vikianguka kimoja chali na kimoja kifudifudi, jibu ni ndiyo. Vyote kifudifudi, ni hapana. Vyote chali, mungu anacheka.

"Nitarudi kukaa hapa?" aliuliza, akavirusha.

Vikaanguka chali vyote viwili. Alivitazama, kisha akainua uso.

"Cheka tu," alisema kwa sauti ya kusikika hadi juu. "Wewe nyumba unayo."

Gari likapiga honi nyuma yake. Alikuwa amesimama chini ya mahali kilipokuwa kitanda chake, na mwenye gari alitaka kuegesha. Akaviokota vipande vyake, akasogea.