Pumzi ya Rudacogora

Shule yetu ya wasaidizi wa kilimo pale Gisenyi ilikuwa na wanafunzi sabini na vitanda viwili vya wagonjwa. Aliyevitawala ni Baba Faradji, Mwislamu wa mjini aliyejifunza uuguzi jeshini wakati wa vita. Alikuwa na chumba cha mbao kilichopakana na ofisi ya direkta wa shule, jiko la kuchemshia sindano, na daftari nene. Kila asubuhi alisimama mlangoni pa chumba cha kulia akatazama tunavyonyanyua vikombe, kisha akaandika: huyu amekohoa, huyu hakumaliza uji, huyu anachechemea. Tulimcheka. Mimi nilimcheka kuliko wote.

Mwaka huo, 1956, nilikuwa nafanya mtihani wa mwisho. Aliyeukosa hakurudia mwaka. Alifunga sanduku lake akarudi kwao. Kwetu ni Bugeshi, juu kwenye viazi na baridi, na katika ukoo mzima mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kukaa kwenye dawati. Siku tatu kabla ya mtihani nilishuka kutoka nyumbani kwa miguu, mvua ikininyeshea njia nzima, na nilipofika kifua kilikuwa kinachoma upande wa kuume. Sikumwambia mtu. Kwetu machozi ya mwanamume hutiririkia tumboni.

Tena nilikuwa na jina la kulinda. Kila mwanamume wa Rwanda ana icyivugo chake, maneno anayojisifu nayo mbele za watu, akiyamwaga kwa pumzi moja; kufanya hivyo ndiko kujivuga. Changu nilikitunga mwenyewe, sikufundishwa na mtu, kisha nikakigeuza kwa Kiswahili ili hata watu wa Nengo, pale mjini, wajue wanaishi na nani. Ndani yake naitwa Rudacogora, yaani asiyelegea.

Asubuhi, siku moja kabla ya mtihani, Faradji alinisimamisha mlangoni.

“Mutoto wa Bugeshi, unakohoa.”

“Ni vumbi, Baba.”

“Vumbi imekuchagua weye peke yako? Kuya huku.”

Nilijua atanipima joto kwapani, kwa hiyo nilikuwa nimeficha kitambaa kilicholoweshwa maji baridi. Nilikibana humo alipogeuka kutafuta kipimo. Akakisoma kipimo dirishani, akakisoma tena.

“Thelathini na ine. Bon. Tukuzike saa ngapi?”

Twagirimana, jirani yangu wa kitanda bwenini, akacheka mpaka akamwaga uji.

“Mi ni mzima, Baba.”

“We iko muzima? Basi jivuge. Wanasema we iko fundi. Twagirimana, ita wengine, wakuje wasikie.”

Hapo alinipata. Kukataa kujivuga mbele ya watu thelathini kulinishinda kuliko maumivu. Nikapiga hatua mbele, nikainua mkono kana kwamba nimeshika mkuki:

“Ni Rudacogora, mwana wa Harerimana, niliyeshuka mlimani mvua ikanipisha, ukungu ukaniuliza njia, nami nika...”

Kisu kikapita katikati ya mbavu. Nikajaribu tena, “nami nikaujibu”, na pumzi ikakatika palepale. Mkono wangu ulibaki hewani. Hakuna aliyecheka, hata Twagirimana.

Faradji aliweka sikio mgongoni mwangu, akakaa hivyo kwa muda mrefu.

“Pafu la kuume. Kitandani.”

“Unaniua, Baba! Kesho ni mtihani!”

“Kesho mutihani, kesho kutwa jeneza. Chagua.”

Nilimtukana. Leo naandika haya nikiona haya, lakini nilimtukana kwa beti zilizopangwa vizuri, naye alizisikiliza huku akichemsha sindano. Kisha akanichoma penisilini, akatoka. Kupitia ukuta wa mbao nilimsikia ofisini kwa direkta.

“Kanuni ni kanuni, Faradji,” alisema direkta. “Asipoingia darasani, anakwenda kwao.”

“Bwana Direkta, ataingia, ataanguka. Daftari hii naandika mimi. Nitaandika: muuguzi alikataa, direkta alimuingiza. Na siku, na saa.”

Nikasikia kiti kikisukumwa.

“Unataka nini?”

“Siku kumi. Mwalimu akuje na maswali ingine, amusimamie hapa kwangu.”

“Yatakuwa magumu zaidi.”

“Bon. Huyu anapenda magumu, ndio ugonjwa yake.”

Nililia. Na machozi hayakwenda tumboni. Yalishuka mashavuni kama ya mtu yeyote.

Siku kumi hizo sikuziona vizuri. Nakumbuka sindano kila baada ya saa chache, na Faradji akiswali kwenye mkeka kati ya kitanda changu na kile kingine. Nakumbuka mkewe, Mama Saidati, akiniwekea kikombe cha uji mdomoni: “Kunywa. Mushairi mwenye njaa anatunga matusi tu.” Kumbe aliambiwa.

Nilifanya mtihani nikiwa nimeegemea mito miwili. Nilikuwa wa sita kati ya ishirini na watatu. Ningekuwa wa kwanza, na simwombi mtu radhi kwa kusema hivyo.

Siku ya kusomwa majina wenzangu walipiga makofi wakitaka nijivuge. Katika icyivugo mtu hutaja aliowashinda tu; mtu aliyemshinda yeye hamtaji kamwe. Faradji alikuwa amesimama mlangoni na daftari lake, kama kawaida. Nikainua mkono:

“Ni Rudacogora, mwana wa Harerimana, niliyeshuka mlimani mvua ikanipisha, nisiyelegea mbele ya mtu isipokuwa Faradji, mwenye sikio linalosikia mgongo ukisema kweli mdomo ukidanganya; aliyenirudishia pumzi ninayojisifu nayo!”

Walipiga kelele mpaka direkta akachungulia. Mimi nilimtazama Faradji peke yake, nikingoja neno lake.

Alilamba ncha ya kalamu, akafungua daftari.

“Umevuta pumzi mara mbili,” alisema. “Kesho asubuhi ukuye, nisikilize tena ile mugongo.”

Nilikwenda. Nilikuwa wa kwanza mlangoni.